Nauli ya Tuba

Jeshini kuna neno moja lililowapeleka watu mbali kuliko magari yote ya kikosi. Neno lenyewe ni "utarudishiwa." Mkubwa hulitamka huku akitazama pembeni, na mdogo hulisikia huku akishika mfuko. Akishalisikia hana swali tena. Anapiga saluti, anapanda basi kwa pesa zake mwenyewe, na anaanza safari ambayo kwenda kunajulikana, kurudi kunajulikana, ila kurudishiwa ni siri ya Mwenyezi Mungu.

Koplo Pumzi alilisikia neno hilo Jumatatu asubuhi, mbele ya ghala la ala za bendi. Alikuwa mpiga tuba, yaani lile tarumbeta kubwa kuliko yote, lenye mdomo kama beseni la kufulia na matumbo yaliyojikunja kama ya ng'ombe. Mwenyewe hakujaaliwa kimo. Gwaride likipita, waliokaa mbele waliona tuba lenye miguu, na waliokaa nyuma waliona kofia inayotembea. Lakini kifua alikuwa nacho, na ndicho kilichompa jina. Aliweza kushikilia sauti moja mpaka wasikilizaji wakaanza kumhurumia, halafu wakaacha kumhurumia wakaanza kuogopa.

Habari ya asubuhi hiyo ilikuwa ya msiba. Mzee wa Tuba, aliyelipiga tuba hilohilo kabla ya Pumzi na kustaafu akiliacha na kibonyeo alichokitia mwenyewe kwa kugonga mlango wa kanisa, alikuwa amefariki kwao, mji wa mbali sana. Na bendi ile ilikuwa na desturi yake, ambayo haikuandikwa popote na kwa sababu hiyo haikuwahi kuvunjwa. Mwanabendi mstaafu akifa, sharti mwenzake mmoja afike kaburini na tuba. Jeneza likianza kushuka, tuba hutoa sauti moja tu, ya chini kabisa, na sauti hiyo haikatiki mpaka jeneza liguse udongo. Wenyewe waliita "kumshusha." Watu wengine huagwa kwa hotuba. Mwanabendi hushushwa kwa pumzi ya mwenzake.

Kapteni wa bendi alieleza kwamba lori la kikosi lilikuwa limevunjika gia, kwa hiyo Pumzi angekwenda kwa basi la abiria. Kisha akatazama pembeni.

"Utarudishiwa," akasema.

Pumzi akapiga saluti, akaenda nyumbani kumwambia mkewe. Hapo ndipo penye kesi.

Mkewe alikuwa msusi, na saluni yake ilikuwa baraza ya nyumba yao katika zile nyumba za familia za kambini. Kazi aliijua mpaka vidole vyake vilikuwa vikisukana vyenyewe akiwa amekaa bure. Lakini hakuwa na draya, ile mashine ya kukaushia nywele yenye kofia kubwa ya kuinamishiwa kichwa. Jua likiwaka, wateja wake waliketi uani na rola zao kichwani wakajikausha kama dagaa. Mvua ikinyesha, walikwenda kwa mwingine. Na ule ulikuwa msimu wa mvua. Sasa kulikuwa na mama mmoja mjini aliyekuwa akifunga saluni yake, akiuza draya yake nzima kwa bei ya kuokota. Mke wa Pumzi alishatanguliza nusu, na nusu iliyobaki alikuwa ameiweka ndani ya kopo la rola za nywele. Muuzaji alimpa mpaka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ijumaa ikipita, draya ingekwenda kwa mtu mwingine, na ile nusu iliyotangulia ingebaki na muuzaji kwa sababu ndivyo walivyokubaliana.

Pumzi alianza kwa kusifu usafi wa nyumba. Mkewe hakugeuka.

"Unataka kiasi gani, baba watoto?"

Akasema. Mkewe akaendelea kusuka kichwa kilichokuwa mbele yake, na mwenye kichwa akakaa kimya kabisa, jinsi wateja wa saluni wanavyokaa kimya habari inapoanza kunoga.

"Jeshi lina vifaru, lina ndege, lina mizinga ya kubomoa milima," mkewe akasema. "Nauli ya basi ndiyo wamekosa."

Pumzi akasema angerudishiwa.

"Neno hilo nililisikia ulipokwenda kupiga kwenye maonyesho. Nikalisikia ulipokwenda kwenye mapokezi ya wageni. Masikio yangu yamelizoea kama king'ora." Akafunga ncha ya nywele, akashusha pumzi. "Lakini maiti hasubiri, na draya inasubiri mpaka Ijumaa. Kopo liko chini ya kitanda. Chukua, uende ukamshushe mzee wako. Ila ujue unabeba kichwa changu mfukoni."

Kwenye kituo cha mabasi ndiko mambo yalikoharibikia, au yalikotengenea, kutegemea unahesabu kuanzia wapi. Kondakta alilitazama tuba, akasema liingie kwenye buti. Buti lilikuwa limejaa magunia ya chokaa na baiskeli mbili. Pumzi akakataa. Kanuni ya bendi ilisema ala haitoki mkononi mwa mpigaji, na kanuni ya pili, ambayo kapteni aliirudia zaidi kuliko ya kwanza, ilisema anayeibonyeza anailipa. Wakajaribu kulipakata. Mdomo wa tuba ukamfikia usoni bibi mmoja wa kiti cha jirani, naye akalalamika kwamba lile dude linamtazama. Wakajaribu kulisimamisha kwenye njia katikati ya viti, na abiria wa nyuma wakauliza kwa upole kama wao watashukia dirishani.

Kondakta akafikia uamuzi wa kisheria. Kilichokaa kwenye kiti ni abiria. Abiria hukata tiketi.

Kwa hiyo Pumzi akakata tiketi mbili, ya kwake na ya tuba, kwenda na kurudi, na pesa ya draya ikalika yote, shina na matawi. Tuba lilikaa dirishani. Kondakta akalifunga mkanda, maana alikuwa mtu wa kufuata taratibu. Kila mara basi lilipopita kwenye shimo, tuba liliguna kidogo, na mtoto wa kiti cha nyuma akamwuliza mama yake kama babu yule anaumwa. Waliposimama njiani, muuza mayai ya kuchemsha alimpa Pumzi mawili, akauliza kama na mwenzake atakula. Pumzi akasema mwenzake amefunga.

Mazishi yalikuwa kesho yake. Mjane wa Mzee wa Tuba, bibi mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha, alimpokea Pumzi mlangoni, lakini salamu ya kwanza hakumpa yeye. Alipapasa kile kibonyeo kwenye mdomo wa tuba, akaacha kiganja chake hapo.

"Umenizeekea vizuri, mke mwenzangu," akaliambia tuba.

Kisha akamtazama Pumzi, akamwambia aingie, wanaume wa bendi wote ni wembamba mpaka wapewe chakula.

Kulikuwa na kitanda kimoja cha wageni, nacho ndicho alichokuwa akilalia marehemu alipougua. Mjane akamwandalia Pumzi. Nyumba ilijaa ndugu wa msibani, watoto wakikimbizana sebuleni na sakafuni kote. Pumzi alipima hali. Tuba likiwekwa chini, asubuhi lingekuwa na vibonyeo kama chungwa lililochezewa mpira. Basi akalilaza tuba kitandani, naye akajinyoosha sakafuni kando yake, mkono wake mmoja ameupenyeza ndani ya bomba la tuba mpaka kwenye kiwiko, ili mtu akiligusa naye aamke. Hivyo ndivyo walivyolala.

Na kesho yake alimshusha mzee. Kamba zilikuwa mpya na wabebaji walikuwa waoga, kwa hiyo jeneza lilikwenda polepole kuliko jeneza lolote alilowahi kuliona. Sauti ikatoka, ile ya chini kabisa, ambayo haisikiki kwa masikio bali kwa nyayo. Katikati kamba moja ikakwama. Watu wakahangaika. Pumzi aliona giza, akaona nyota, akamwona bibi yake aliyekufa zamani akimpungia mkono, lakini sauti haikukatika. Jeneza likagusa udongo. Ndipo alipovuta hewa, akakaa chini juu ya kichuguu cha udongo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mjane alikuja akampigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Akarudi kwa tiketi mbili vilevile, maana tuba halikuwa na ndugu wa kulilaza kule.

Sasa ipo ofisi ya malipo. Ni chumba chenye dirisha dogo la nondo, benchi moja nje, na ndani yake Sajini wa malipo, mama mwenye miwani ya kamba, ambaye kikosi kizima kilimwita Mama Stakabadhi. Inasemekana aliposwa, mchumba alitoa pete, naye akauliza risiti yake iko wapi. Huenda ni uongo. Lakini hakuna aliyewahi kuusikia akashangaa. Foleni ya benchi lile ilikuwa ya unyonge, kama foleni ya wanafunzi wanaokwenda kumweleza mwalimu wa zamu zilikokwenda shuka za bweni.

Mama Stakabadhi alizitazama tiketi za Pumzi juu na chini. Za Pumzi mwenyewe akazipitisha bila shida. Zile nyingine akazisukuma nyuma kwa kalamu, kama mtu anayesukuma mende.

Akaeleza kwa utaratibu. Nauli ya safari ya kikazi hulipwa kwa askari. Pumzi akikiri kwamba aliyekaa kiti cha dirishani ni mtu, basi ataje namba yake ya jeshi na kibali chake cha safari. Pumzi akasema si mtu, ni tuba. Vizuri, akasema Mama Stakabadhi, kumbe ni mzigo. Mzigo hulipiwa kwa stakabadhi ya mzigo, yenye uzito. Iko wapi? Pumzi akasema hakupewa, kwa sababu lilikaa kwenye kiti.

"Basi si mtu na si mzigo," Mama Stakabadhi akasema. "Afande Koplo, mimi nina safu mbili tu."

Pumzi akaenda mjini kwenye ofisi ya kampuni ya basi kuomba stakabadhi ya mzigo. Mkatisha tiketi akamwuliza mzigo ulikaa wapi. Akasema kwenye kiti. Mkatisha tiketi akacheka mpaka akaita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Kilichokaa kwenye kiti ni abiria, wakamwambia wote wawili, na wakamtakia safari njema yeye na familia yake.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya pili. Nyumbani mvua ilikuwa inanyesha. Pumzi aliwakuta wateja wawili barazani, vichwa vimejaa rola na maji, wakiitazama mvua kwa hasira ya watu wenye harusi. Mmoja akaaga kistaarabu, akasema atamalizia kule ng'ambo kwenye draya. Mkewe hakumwuliza Pumzi lolote mbele za watu. Baadaye alipokuwa akikunja taulo, akasema neno moja tu.

"Ijumaa."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali, Pumzi angepata pa kushikia ugomvi.

Aliyempa ushauri alikuwa mpiga ngoma kubwa wa bendi, mtu mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi, ambaye kila jambo aliliona kama ngoma: ukiligonga litalia. Alimsikiliza Pumzi mpaka mwisho, kisha akamwonea huruma ya kweli.

"Kaka, wewe umedai kitu cha kweli," akasema. "Hapo ndipo ulipokosea."

Akamweleza jinsi ulimwengu unavyokwenda. Askari akisafiri kikazi hulipwa malazi, mradi alete risiti ya gesti. Mpiga ngoma alikuwa na kitabu cha risiti za gesti moja, alichopewa na binamu yake aliyewahi kufanya kazi huko. Wenzao wote waliosafiri walikuwa wamelala kwenye gesti hiyo, wengine bila kutoka kambini. Pumzi alikuwa amesafiri kwelikweli, akalala kwelikweli. Kilichobaki ni kuandika tu kwamba alilala kwa kulipa. Bei ya usiku ile ingekaribia kabisa ile ya kiti cha tuba. Hakuna anayeibiwa, akasema mpiga ngoma. Jeshi linadaiwa mlango wa mbele, wewe unachukua mlango wa nyuma. Nyumba ni ileile.

Hoja ilikuwa nzuri. Hoja mbaya huwa zina tabia hiyo.

Pumzi aliibeba ile risiti mfukoni siku nzima ya Jumatano, na ilikuwa nzito kuliko tuba. Mara mbili aliitoa aichane. Mara mbili akasikia mvua. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema lolote kuhusu mtu ambaye safari yake yenyewe ni fupi, kutoka benchi mpaka dirishani tu.

Alhamisi asubuhi akawa wa kwanza kwenye benchi. Nyuma yake walikuja askari wengine wanne watano, na mpiga ngoma akiwemo, amekuja kumtia moyo. Dirisha likafunguliwa. Pumzi akaipitisha risiti chini ya nondo.

Na ikawa rahisi ajabu. Mama Stakabadhi, aliyezihoji tiketi mbili halali kama mashahidi wa mauaji, aliitazama risiti ya uongo mara moja tu. Ilikuwa na tarehe, ilikuwa na kiasi, ilikuwa na sahihi. Akafungua kidau cha wino. Akachovya muhuri. Na muhuri ukiwa umeinuliwa, akakumbuka ubinadamu, akamtazama Pumzi juu ya miwani.

"Sikukupa pole siku ile. Pole na msiba," akasema. "Mlimpumzisha vizuri mzee?"

Kama angeuliza gesti ilikuwa na vyumba vingapi, Pumzi angejibu. Alikuwa amejiandaa. Mpiga ngoma alikuwa amemfundisha mpaka rangi ya mapazia. Lakini kuhusu mzee hakuwa ameandaa uongo wowote, na mdomo wake ulipofunguka, kilichotoka ni kile kilichokuwemo.

"Tulimshusha, Afande. Kamba ilikwama, lakini tulimshusha." Akautazama muhuri. "Afande, usigonge hiyo. Mimi sikulala gesti. Nililala kwa mjane wake. Sakafuni."

Benchi lote likasikia. Mpiga ngoma akagundua kuna jambo la haraka upande wa pili wa kambi, lakini miguu ikakataa kumpeleka.

Mama Stakabadhi hakushusha muhuri wala hakuuweka. Madai ya uongo yalikuwa na adhabu yake, na wote pale waliijua: mahabusu ya kambi, na baadaye utepe wa koplo kuvuliwa begani. Pumzi alisimama wima kabisa, jambo ambalo halikumwongezea kimo.

"Sakafuni kwa nini?" Mama Stakabadhi akauliza. "Mjane hakuwa na kitanda?"

"Alikuwa nacho, Afande. Nililaza tuba."

"Ulilaza nini?"

"Tuba, Afande. Nyumba ilijaa watoto. Nikaliweka kitandani, mimi nikalala chini, mkono nimeuingiza ndani ya bomba. Ili mtu akiligusa niamke."

Mtu mmoja kwenye benchi akakohoa kikohozi kisichokuwa cha ugonjwa. Mama Stakabadhi akaweka muhuri chini, taratibu, kwenye kifuniko chake. Akavua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. Wenye uzoefu wa dirisha lile walisema baadaye kwamba hawakuwahi kuyaona macho yake wazi.

Akamwuliza kama kwenye basi pia alikaa nalo muda wote. Muda wote, Afande. Na waliposimama njiani kula? Alikula hapohapo kitini, mayai. Na haja ndogo? Pumzi akainamisha kichwa, akasema alilibeba. Kikohozi kikaenea benchi zima.

Mama Stakabadhi akainuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na kitabu cha kanuni chenye jalada lililokatika. Hakukifungua mara moja. Akaanza kwa hadithi, naye hakuwa mtu wa hadithi. Alisema alipokuwa bado koplo alitumwa kupeleka sanduku la mishahara kwenye kambi ya mpakani, kwa basi la abiria, kwa sababu lori lilikuwa limevunjika gia.

"Lori hilihili," akasema. "Sanduku likakaa dirishani, likakatiwa tiketi yake. Na nikarudishiwa. Mali ya jeshi iliyo chini ya ulinzi wa askari inapokosa gari la jeshi, hulipiwa nafasi yake. Imo humu. Siku zote nilidhani ni kwa fedha na silaha tu." Sasa akafungua, akasoma kwa midomo bila sauti, akapiga ukurasa kwa kidole. "Haisemi fedha. Haisemi silaha. Inasema mali."

Akamwuliza Pumzi kama tuba lina namba ya mali. Pumzi akaitaja kwa moyo, bila kumeza mate. Siku ya kuzaliwa ya mkewe asingeitaja upesi namna ile, na ni heri mkewe hakuwepo.

Lakini kulikuwa na sharti. Mlinzi haachi mali yake mchana wala usiku, na kwa kuwa yuko kazini, halipwi malazi. Anayedai kitanda alikuwa amelala, na aliyelala si mlinzi. Mama Stakabadhi akaichukua ile risiti ya gesti kwa ncha za vidole.

"Hii ningeigonga, kiti cha tuba kingekufa hapohapo, na wewe usingejua nani kakiua," akasema. Akairudisha chini ya nondo. "Karatasi isiyo na muhuri ni karatasi tu. Kafungie karanga. Na mwenye kitabu chake, popote alipo, umwambie nimeanza kuhesabu vitanda. Gesti gani hiyo kikosi kizima kinalala chumba namba saba?"

Hakumtazama mpiga ngoma. Mpiga ngoma alijitazama mwenyewe, kwa niaba yake.

Ikabaki shahidi. Mama Stakabadhi angekuwa nani kama asingetaka shahidi? Pumzi alikuwa na namba ya mjane, kwa sababu mjane alimwamuru apige simu akifika, na tena akishakula. Simu ikapigwa, sauti ikafunguliwa, na benchi lote likasogea kwa sababu za kikazi.

Mjane alipoambiwa anayezungumza ni jeshi, aliuliza kwanza kama kijana amekula. Kisha akaulizwa kuhusu kitanda.

"Kitanda nilimpa, akakataa," sauti ikasema. "Alimlaza mke mwenzangu."

Mama Stakabadhi akavaa miwani upesi. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeona safu ya tatu ikifunguka, mke mwenza gani huyo, na alikuwa na kibali cha safari?

"Si hilo bomba lenu, mwanangu? Miaka yote ile ya ndoa nililala nalo chumba kimoja. Mume wangu akisafiri nalo, halilali chini hata siku moja. Yeye chini, lenyewe juu. Nilimchungulia huyo kijana, nikakuta naye kafanya vilevile, mkono kaingiza palepale. Nikalifunika shuka la marehemu. Kijana sikumfunika, shuka lilikuwa moja."

Hakuna aliyekohoa. Mama Stakabadhi akamshukuru, akampa pole, akamhakikishia kwamba kijana anakula. Akazivuta zile tiketi za tuba, akaandika namba ya mali mahali pa namba ya askari, akaandika "mlinzi: koplo" pembeni, na akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kidau cha wino kikaruka.

"Fedha kesho saa tatu," akasema. "Na nikisema kesho, mimi si kapteni wako."

Kesho yake saa tatu fedha zilikuwepo. Pumzi alizihesabu mara moja, akakimbia nazo mpaka barazani, akaziweka mapajani mwa mkewe na kumweleza yote, pamoja na risiti ya gesti, ambayo angeweza kuiruka. Mkewe alisikiliza sehemu ya gesti huku vidole vimesimama.

"Wangekufunga, ningeenda kukausha watu nywele gerezani?" akauliza. Kisha akaomba arudiwe sehemu ya haja ndogo, akacheka mpaka akalazimika kushika ukuta.

Walikwenda mjini pamoja mchana uleule. Muuzaji akapokea nusu yake, akawakabidhi draya: nguzo ndefu, magurudumu matatu, na juu yake kile kichwa kikubwa cha kung'aa kinachotazama chini kama mtu mwenye mawazo. Wakaisukuma mpaka kituoni huku watu wakiwapisha. Kwenye basi Pumzi alijaribu kuilaza, ikakataa. Akajaribu kuipakata, kichwa chake kikamfikia usoni mzee mmoja wa kiti cha jirani. Mwishowe wakaisimamisha dirishani, na ikatulia vizuri kabisa, kana kwamba hata nyumbani kwake hukaa hapo.

Kondakta akaja akikusanya nauli. Alikuwa yuleyule wa safari ya tuba, maana basi lake hupitia kambini. Akaitazama draya, akamtazama Pumzi kwa muda mrefu, kisha akachukua ncha ya mkanda akaifunga.

"Watatu," akasema.

Pumzi akageuka kwa mkewe kuomba ushauri wa kisheria. Mkewe alikuwa anatazama mbele, mkono wake mmoja umeshika shingo ya draya.

"Lipa, baba watoto," akasema. "Utarudishiwa."